Chakula cha Mchana cha Nyota Nne na Nusu

Enzi zetu, sisi tuliokulia Kisii kabla simu haijaota akili, chakula hakikuwa na maswali. Ulirudi kutoka shuleni ukamkuta mama amefunika sufuria, ukala kilichokuwa ndani ya sufuria. Kama hukukipenda, palikuwa na ndugu yako aliyekipenda zaidi, naye alikuwa ameshaanza kukutazama mkononi. Nimezaliwa katika nyumba ya watoto wengi, na sikumbuki hata mmoja aliyewahi kusema, "Leo sijisikii kula ugali." Kujisikia kulikuwa kwa wagonjwa, na mgonjwa alipewa uji.

Nayakumbuka haya nikiwa Doha, katika fleti yetu ya Fereej Bin Mahmoud, mimi muuguzi na mama wa vijana wawili ambao hawawezi kumenya ndizi kabla hawajasoma maoni ya watu waliokula ndizi. Wakati mwingine nawatazama wakiwa wameinamia simu, njaa imewakaza macho, jokofu limejaa, nasema moyoni kwamba hawa wangeishi kwa mama yangu wiki moja tu, ya pili wangekula na sufuria yenyewe.

Kule Kisii, mwaka mzima tulikula nyumbani, isipokuwa siku moja. Siku hiyo ilikuwa ya maonyesho ya kilimo. Wewe uliyekulia bara unajua ninachosema. Hatukulala usiku wa kuamkia siku ile. Baba alikuwa fundi cherehani pale sokoni, na kila mwaka alitushonea sote nguo za kitambaa kimoja, wavulana kwa wasichana, ili mmoja akipotea mtu aonyeshwe mwenzake na kuulizwa, "Umeona mwingine wa namna hii?" Mwaka mmoja kitambaa kilikuwa cha maua ya njano, mabaki ya mapazia aliyoshonea hoteli moja mjini. Tulipopita mbele ya hoteli ile, wateja walitutazama, wakatazama madirisha, wakatutazama tena.

Tulikwenda kwa miguu, viatu mkononi. Karibu na lango tuliosha miguu mferejini ndipo tukavivaa, maana viatu havikuwa vya barabara, vilikuwa vya watu. Ndani kulikuwa na fahali aliyefungwa utepe mwekundu, mwenye shingo kama gunia la kahawa, akitudharau. Kulikuwa na boga kubwa ambalo watu wazima walilizunguka kwa heshima kana kwamba ni maiti ya chifu. Kulikuwa na bembea la chuma lililozungushwa na wanaume wawili wenye jasho. Ukiwasalimia vizuri walikuzungusha mpaka ukasahau jina lako. Na juu ya hayo yote kulikuwa na harufu ya chipsi. Harufu ile ilitushika puani tangu langoni, ikatuongoza mpaka kwenye hema la turubai, na mbele ya hema tukasimama kwa mstari na maua yetu ya njano, tukimeza mate.

"Mafuta hayo," mama alisema, "yamefikisha umri wa kupewa kitambulisho." Akatupita.

Baba alikuwa na lake, na alilisema kila mwaka mahali palepale: "Mchagua jembe si mkulima."

Basi tulikwenda nyuma ya mabanda ya ng'ombe, mama akatandika leso kwenye nyasi, na kikapu kikafunguliwa. Ndizi zilizopondwa pamoja na maharagwe, zimefungwa kwa majani ya mgomba, bado na joto la asubuhi. Chai kwenye thamosi. Upepo ulituletea harufu ya samadi na muziki wa bendi, vyote kwa pamoja. Tulikula kwa mikono bila mtu kuuliza kuna nini kingine, kwa sababu jibu tulilijua. Naapa sijala tena ndizi tamu kama zile.

Hadithi hii wanangu wameisikia mara nyingi kiasi kwamba binti yangu Brenda huimalizia. "Na harufu ya samadi," husema, macho kwenye simu.

Mwaka huu hatukuweza kwenda nyumbani likizo. Vijana wakaamua kwamba badala yake tukalale katika hoteli iliyoshikamana na bustani kubwa ya michezo, ile ya mabembea yanayopinduka angani na maporomoko ya maji ya kutengenezwa. Iko ng'ambo ya pili ya mji huuhuu tunaoishi. Kuacha kitanda chako ukalale kwingine ambako ukipanda juu unakaribia kuona nyumba yako: mama angesikia angetuombea. Lakini mume wangu Mokaya, ambaye kazi yake ni kompyuta na dini yake ni kulinganisha, alikwisha kulinganisha hoteli zote na kupata moja. Nikatoa sharti langu: Ijumaa ile dada yangu Kemunto awe nasi.

Kemunto ni kifungua mimba wetu. Anafanya kazi katika nyumba moja huko Al Rayyan, anapika na kulea. Ijumaa yake ya mapumziko huja kwa nadra kama mvua ya Doha, na ikija huja na masharti. Safari hii Madam alimwambia arudi kabla ya Magharibi. Tulimpitia kwenye makanisa ya Mesaimeer baada ya ibada, tukamkuta amesimama nje katikati ya Wakenya na Waganda waliokuwa wakiagana kwa saa nzima kama kawaida yetu, amevaa gauni lake la kijani la kanisani, mkoba kifuani.

"Umekula, Dada?" nikamuuliza alipoingia garini.

"Nimepika," akasema. "Kula bado."

"Leo wewe ni mgeni. Utakula unachotaka. Unataka nini?"

Akafikiri kidogo. "Nataka kukaa chini."

Mwanangu Tedi akacheka. "Anti, kukaa si chakula!"

Tulifika wakati milango mingi ya kula imefungwa kwa ajili ya sala ya Ijumaa. Nikafurahi. Nikasema hii ni nafasi ya kuamua polepole, ili milango ikifunguliwa tuingie moja kwa moja. Masikini mimi, sikuwajua watu niliowazaa.

Mahali pale pa kula ni mtaa mzima. Kuna mkahawa uliojengwa kama meli ya maharamia. Kuna mwingine ambako sahani huletwa na roboti lenye uso wa paka. Kuna wa baga, wa Kihindi, wa Kilebanoni, wa samaki walio hai ukutani wanaokutazama ukila jamaa zao. Tedi alitaka roboti. Brenda hakutaka roboti kwa sababu hapo hapakuwa na chakula kisicho na nyama, na yeye mwezi huu ameacha nyama.

"Isipokuwa kuku," akafafanua.

"Kuku ameacha kuwa nyama lini?" Kemunto akauliza, kwa nia njema kabisa.

Meli ya maharamia ikapendekezwa na Mokaya. Brenda akaitafuta kwenye simu, akashtuka kama aliyeona nyoka. "Dadi, hii ni nyota tatu nukta nane! Mtu ameandika mhudumu hakutabasamu."

Enzi zetu mhudumu akitabasamu tulijua nyama imeharibika. Hoteli za Kisii zilikuwa na orodha ndefu ya vyakula iliyochorwa ukutani kwa rangi ya mafuta, na mhudumu alisimama chini yake akiwa na ndala na kusema, "Ugali iko. Nyama imeisha." Ulikula ugali na mchuzi wa nyama iliyoisha, ukamshukuru Mungu, ukaenda zako. Hakuna aliyeandika popote kwamba hakutabasamiwa.

Sala ikaisha, milango ikafunguliwa, watu wakamiminika. Sisi tulikuwa tumesimama katikati ya njia na simu zetu kama watu wanaotafuta mtandao jangwani. Hatimaye tukaingia kwa Mlebanoni. Tukapewa meza. Kemunto akaketi, akashusha pumzi ndefu, akaweka mkoba chini na mikono yake miwili juu ya kitambaa cheupe cha meza, akavitazama vidole vyake kana kwamba vimetoka safari.

"Ngojeni," Mokaya akasema. Alikuwa bado analinganisha. "Huyu jirani yake ana nyota nne na nusu. Huyu ana nne tu."

"Nusu nyota inaliwa?" nikamuuliza.

"Mama Brenda, tumekuja likizo. Tusile ovyo."

Vijana walikwisha kusimama. Kemunto akaokota mkoba wake, akasimama pia.

Kwa yule wa nne na nusu kulikuwa na foleni iliyokunja kona. Foleni yenyewe haikuwa ya chakula. Mlangoni kulikuwa na ukuta wa maua ya plastiki, na kila familia ilisimama hapo ikapigwa picha kabla ya kuingia, binti mmoja akapigwa, akaitazama, akakunja uso, akapigwa tena. Watu wazima wenye njaa walimsubiri msichana apate upande wake mzuri. Hapo ndipo uvumilivu wangu ulipokatika. Nikawageukia wanangu na kuwapa hotuba. Nikaanza na fahali, nikaenda kwenye boga, nikafika kwenye kikapu, nikawaambia sisi hatukuchagua na hatukufa, nikawaambia kizazi chao kitakufa njaa mbele ya meza iliyojaa, simu mkononi, kikisoma maoni ya marehemu waliotangulia.

"Hata Anti yenu atawaambia," nikamalizia, nikageuka.

Kemunto hakuwepo.

Kwanza nikadhani ameenda msalani. Nikaenda, sikumkuta. Nikampigia simu, imezimwa. Mahali pale ni pakubwa, yeye hapajui, hajala tangu alfajiri, na mimi ndiye niliyemwahidi Madam kwa mdomo wangu kwamba nitamrudisha kwa wakati. Muuguzi hujua mwili usiokula hufanya nini kwenye joto. Nikamwona akilini ameanguka nyuma ya bembea fulani, watu wakimpita wakidhani ni mchezo. Mokaya akakimbia upande wa meli, Tedi upande wa maji. Brenda akabaki ameshika mkono wangu, na kwa mara ya kwanza siku ile mkono wake mwingine haukuwa na simu.

Mlinzi mmoja kwenye kona alikuwa Mkenya. Nilimjua kabla hajafungua mdomo, kwa namna alivyosimama kama aliyelazimishwa kusimama.

"Kaka, umemwona mama mmoja wa gauni la kijani, mnene kiasi, ana mkoba mweusi?"

"Huyo wa kutembea kama anajua anaenda wapi?" akasema. "Ameingia pale kitambo."

Akaonyesha kwa kidevu mkahawa mdogo ulio kando ya vyoo, usio na meli wala roboti, ambao tulikuwa tumeupita mara kadhaa bila kuuona kwa sababu simu hazikuutaja. Nikachungulia kioo. Kemunto alikuwa ameketi karibu na dirisha, mgongo umeegemea kiti, kitambaa kimetandazwa mapajani, mbele yake sahani ya wali na samaki mzima wa kuchoma. Binti mmoja Mganda alikuwa ameinama pembeni yake.

"Nyabo, nikuongezee mchuzi?"

"Niongezee, mama."

Niliingia nikiwa na machozi na hasira, sikujua nianze na kipi. "Dada! Tumekutafuta kila mahali!"

"Simu imekufa chaji," akasema, na akatoa mwiba mdomoni taratibu. "Ketini basi. Mbona mmesimama kama wageni?"

Tukaketi. Mokaya na Tedi wakaja wakihema. Tedi akatoa simu atafute mkahawa ule, kisha akakumbuka, akairudisha mfukoni. "Anti, ulichaguaje hapa?"

"Niliona kiti."

"Na chakula?"

"Nilimwambia huyu mtoto alete kilicho tayari."

Nikaona nafasi yangu. Nilikuwa nimeshinda, na mshindi hanyamazi. "Mmeona?" nikawaambia vijana. "Hivi ndivyo tulivyokula enzi zetu. Hakuna kuchagua, hakuna maneno, unaletewa, unakula."

Kemunto akaweka uma chini. "Enzi zako," akasema.

"Zetu, Dada. Si tulikuwa wote?"

"Tulikuwa wote. Wewe ulikuwa unaletewa." Hakuwa na hasira. Alikuwa akitabasamu, akiwaelekea watoto, kama anayewasimulia jambo la kuchekesha. "Mama yenu amewaambia habari za ndizi za maonyesho? Zilikuwa tamu kweli. Nilizipika mimi, kabla jogoo hajawika. Nikakibeba kikapu kichwani mpaka mjini. Tukifika nafungua yale majani, nampa baba, nawapa wavulana, nampa mama, nampa huyu mama yenu aliyekuwa akilia kwamba ameachwa. Nikigeuka kwangu, majani matupu."

"Kwa hivyo ulikuwa unakula nini?" Brenda akauliza.

"Nililamba majani." Akacheka mpaka mabega yakatikisika. "Na chai, kama thamosi ilikuwa imebakisha. Lakini yule fahali nilimwona. Alikuwa mkubwa, hapo mama yenu hadanganyi."

Mdomo wangu, uliokuwa na hotuba ya kutosha mpaka jioni, ukapata kazi ya kutafuna mkate uliokuwa mezani. Nilijaribu kumkumbuka Kemunto akila nyuma ya mabanda yale. Niliwaona wote: baba na vidole vyake vilivyotobolewa na sindano, mama na leso, kaka zangu na maua ya njano. Yeye nilimwona mikono tu, ikinyoosha jani kuelekea kwangu.

Chakula chetu kikaja, kilekile cha kwake, hakuna aliyebisha. Brenda alikula samaki. Sikumuuliza samaki ameacha kuwa nyama lini. Tulipomaliza, yule binti Mganda akaleta orodha ya vitu vitamu, karatasi kubwa yenye picha, akataka kumpa Mokaya. Tedi akainyakua, akamwekea mama yake mkubwa mbele.

"Anti, wewe ndio unachagua. Sisi sote tutakula hiyo."

Kemunto akaifuta mikono. Akaanza juu, akashuka. Akageuza upande wa pili, akarudi wa kwanza. "Hii nini?" akauliza. Akaelezwa. "Na hii? Ina maziwa? Na hii ya juu ina nini katikati?" Akasema alete keki ya jibini. Binti alipofika karibu na jiko akamwita arudi, akasema hapana, aiskrimu. Akafikiri. Akaomba karatasi tena. Nje tulikuwa tumelipia michezo ambayo ilikuwa ikifungwa mmoja mmoja. Mokaya, mtu wa kulinganisha, alikunja mikono, akasubiri. Sijawahi kuona mtu akichagua kwa starehe kama ile. Alikuwa kama baba mkwe anayechagua ng'ombe wa mahari.

Simu yake, iliyokuwa imechomekwa kwenye chaja ya Brenda, ikaita. Sote tulijua ni nani. Madam alizungumza kwa haraka, nikasikia neno la wageni na neno la sasa hivi. Kemunto alisikiliza mpaka mwisho, kidole chake bado kikiwa juu ya picha ya kunafa.

"Madam," akasema kwa Kiarabu chake cha jikoni, ambacho hata sisi tunakifahamu, "niko mezani. Bado nachagua. Magharibi nitakuwa nyumbani, kama ulivyosema."

Watu wamerudishwa Kenya kwa maneno mepesi kuliko hayo.

"Zen," Madam akasema mwishowe. Sawa. Akakata.

Kemunto akamgeukia yule binti. "Leta kunafa."

Ikaletwa, moto, jibini linavutika kama mpira. Akaonja. Akatafuna kwa makini, sote tukimwangalia mdomoni.

"Si tamu," akasema. Akaimaliza yote.

Tulimrudisha Al Rayyan jua likiwa limekuwa jekundu na barabara zimejaa. Kwenye kiti cha nyuma vijana walikuwa wameshaanza ubishi wa chakula cha jioni, kama turudi kwa roboti au tupande kwa yule wa nyota nne na nusu, foleni sasa itakuwa imepungua. Kemunto alikaa katikati yao, anawasikiliza, anatoa maoni. Alisema roboti hataki, lile jicho la paka halimpendezi. Wakamsikiliza.

Mimi niliangalia barabara. Siku zile sufuria ilikuwa moja, sisi wengi, na nyumba ilijaa sauti. Sasa vyakula havihesabiki, tuko wachache, na kila mmoja anakula akitazama kioo chake. Siku zile nazitamani bado, sitadanganya. Harufu ya nyasi, bendi, joto la ndizi ndani ya jani. Ila siku hizi nikianza kusema "enzi zetu," ulimi hugota mahali, nikajiuliza kama katika zile enzi palikuwa na kiti cha kila mtu. Na wanangu hawa, ninaowacheka kutwa, walimwekea mtu karatasi mbele wakasubiri. Nyumbani kwetu, kwa mapenzi yote yaliyokuwemo, hakuna aliyewahi kumsubiri Kemunto.

Tulisimama nje ya ukuta mrefu mweupe. Adhana ya Magharibi ilikuwa ndiyo inaanza. Akatuaga haraka, akamwambia Brenda ale nyama, akashuka. Hakupita lango kubwa. Alizunguka ubavuni, gauni la kijani likapotea kwenye kona, tukasikia mlango mdogo wa chuma ukifungwa.

Mokaya alikuwa bado hajawasha gari. Juu ya ukuta, kwenye dirisha la nyuma, taa ya jikoni ikawaka.